Kurekodi sauti nyumbani chini ya bati: kuanzia chumba hadi kompyuta

Maiki ya bei kubwa ikiwekwa kwenye chumba kitupu itarekodi chumba kwanza, wewe baadaye. Nyumba nyingi za Mbeya na Iringa zina sakafu ya saruji, kuta za plasta na bati juu. Mwangwi wa humo ukishaingia kwenye rekodi, ni vigumu programu kuutoa vizuri. Simama katikati ya chumba upige kofi moja. Ukisikia mlio mkali unaojirudia kutani, chumba bado.

Chagua chumba cha kulala, chenye godoro, nguo na pazia. Mablanketi mazito hayakosekani huku kwetu, na ukipungukiwa, mitumba ya soko la Mwanjelwa, Mbeya, ipo. Funga kamba, tundika mawili au matatu nyuma na pembeni mwa anayeimba. Maiki nyingi za kuimbia husikiliza mbele, kwa hiyo ukuta ulio nyuma ya mwimbaji ndio unaorudisha sauti kwenye maiki. Acha nafasi ya sentimita 10 hivi kati ya blanketi na ukuta. Likigusa ukuta linafanya kazi kidogo. Trei za mayai ziachie mayai, hazinyonyi sauti ya mtu vya kutosha.

Bati nalo lina ratiba yake. Kuanzia Novemba hadi Aprili, mvua zikiwa zinapiga bati, usipange kurekodi mchana bila kutazama mawingu, na Tukuyu ndiyo kabisa. Hata kiangazi, bati hulia ta-ta-ta asubuhi linapopata jua na jioni linapopoa. Muda mzuri ni kuanzia saa nne usiku, bajaji zikiwa zimepungua na majogoo hayajaanza.

Vifaa vya kuanzia ni maiki moja, saundi kadi ya nje ya USB (kisanduku kinachounganisha maiki na kompyuta), kebo ya maiki yenye pini tatu (XLR) ya mita 3, stendi, kichujio cha pumzi na hedfoni zinazofunika masikio yote. Kwa chumba ambacho hakijatulia, nunua maiki ya dainamiki kama Shure SM58. Unaimba ukiwa karibu nayo, kwa hiyo kelele za mbali huingia kidogo. Kondensa, aina ya maiki yenye usikivu mkali zaidi, kama Audio-Technica AT2020, hunasa mengi zaidi, pamoja na lori linalopanda mlima barabara kuu ya Tunduma. Saundi kadi yenye tundu moja la maiki, mfano Focusrite Scarlett Solo, inatosha. Jihadhari na kondensa za bei poa zinazouzwa na waya wenye pini ndogo ya kuchomeka moja kwa moja kwenye kompyuta. Kondensa ya kweli inataka volti 48, na tundu lile linatoa volti chache tu. Ndiyo maana sauti inatoka hafifu na imejaa mchakacho.

Unapounganisha, shusha geini (kitufe cha kukuza sauti ya maiki) hadi sifuri na sauti ya hedfoni pia. Chomeka kebo ya maiki. Kama ni kondensa, sasa ndipo ubonyeze kitufe cha 48V, dainamiki haikihitaji. Kisha pandisha geini taratibu. Kwenye Windows sakinisha kwanza kiendeshi cha mtengenezaji wa saundi kadi, halafu ndani ya programu ya kurekodi kama Reaper chagua ASIO, njia inayopunguza ucheleweshaji wa sauti. Reaper inakupa siku 60 za kujaribu bure, Audacity ni ya bure moja kwa moja. Kwenye mipangilio ya sauti weka 44.1 kHz na biti 24, na bafa (akiba ya sauti ambayo kompyuta huishughulikia kwa mkupuo) 128. Kompyuta ikianza kukwaruza sauti, panda hadi 256. Ukijisikia kwa kuchelewa kwenye hedfoni, washa swichi ya kujisikiliza moja kwa moja iliyo kwenye saundi kadi yenyewe.

Geini ipimwe kwa kiitikio chenye nguvu kuliko vyote, siyo kwa "helo, helo". Kwenye kipimo cha programu, vilele vya sauti vicheze kati ya desibeli -18 na -10. Vikigusa 0 sauti inapasuka na haitengenezeki. Kaa sentimita 15 kutoka kwenye maiki. Weka kiganja mbele ya mdomo useme "pepo": upepo unaougusa mkono ndio unaopiga bumu kwenye rekodi. Dawa yake ni kichujio, na maiki kusogezwa kidogo pembeni, ikiwa bado inaelekea mdomoni.

Ukisikia muungurumo usiokoma, chomoa chaja ya kompyuta. Muungurumo ukikatika, rekodi kwa betri. Saundi kadi inayokula umeme wa USB itaendelea hata TANESCO wakikata. Simu nayo itoke chumbani, maana mtandao wake huingia kama mlio wa trrr-trrr.

Juni na Julai maiki ikitoka kwenye baridi kuingia chumba chenye joto hushika unyevu, na sauti ya kondensa huanza kupasuka-pasuka. Iache ndani ya mfuko wake nusu saa kwanza. Na tafadhali, jiko la mkaa lisiingie kabisa kwenye chumba ulichokiziba kwa mablanketi: hewa yake inaua bila harufu ya kukushtua.

Kabla ya wimbo, rekodi sekunde 30 za ukimya, kisha zisikilize kwa hedfoni ukiwa umepandisha sauti. Chochote unachokisikia humo, friji, saa ya ukutani, mbwa wa jirani, kitakuwa ndani ya kila mstari utakaoimba, kwa hiyo kishughulikie sasa.