Mpaka wa kihamba: nenda kwa jirani kwanza

Mimi ni mzee wa kanisa huku Kilimanjaro. Kesi zinazotufikia usharikani mara nyingi ni mpaka wa kihamba (shamba la urithi la nyumbani) au zamu ya maji ya mfongo (mfereji wa kumwagilia), na nyingi zingeisha mapema kama Mathayo 18:15 ingefuatwa ilivyo: "enenda ukamwonye, wewe na yeye peke yenu."

Peke yenu! Hapo ndipo watu wanapoharibu. Mtu anakuta isale la mpakani, ule mmea tunaoupanda kuwa alama, limeng'olewa, anamsimulia shemeji, anaandika kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, na kufika jioni jirani ameshasikia anaitwa mwizi. Kuanzia hapo hatetei mpaka tena, anatetea jina lake.

Nenda mwenyewe, leo au kesho asubuhi. Kama unatoka kukata majani ya ng'ombe, panga liache nyumbani. Usimfuate kilabuni, wala usimseme mbele ya wanawe. Piga hodi, salimia, kaa ukikaribishwa, kisha uliza: "Baba Neema, lile isale la karibu na mparachichi silioni. Unajua limekuwaje?" Ukishauliza, nyamaza mpaka amalize. Huenda ni kibarua aliyelima bila kujua.

Kwa maji ya mfongo usilaze neno hata usiku mmoja. Methali 17:14 inafananisha mwanzo wa ugomvi na mtu afunguliaye maji, na sisi tunajua mfereji ukishabomoka unaingia mashamba ya nani.

Asipokusikia, chukua mtu mmoja au wawili. Wasiwe ndugu zako watupu. Napenda awepo mzee aliyeshuhudia mpaka ukiwekwa, na mwingine ambaye jirani yako anamwamini. Wanakuja kusikia pande zote mbili, na wakiona wewe ndiye uliyesogeza, wakuambie. Ikishindikana, leteni shauri kwa mchungaji na wazee, halafu kwa Baraza la Kata, ambalo kwenye ardhi kazi yake ni kupatanisha.

Lakini aliyekupiga au kutishia kukuua usimwendee peke yako. Nenda polisi. Yesu hakumtuma mtu akauawe kwa sababu ya mpaka.

Mkipatana, naye akikuletea isale kuomba msamaha, lipokee, kwetu halikataliwi. Siku hiyo hiyo pandeni masale mapya mpakani mkiwa wote wawili na mashahidi, andikeni karatasi, kila mmoja atie sahihi na abaki na nakala yake.