Sahani za Kariakoo zisije na mfuko mtupu
Wauzaji wa mtandaoni siku hizi wamebana vifungashio. Sina ugomvi na hilo, mifuko ya plastiki yenyewe ilishapigwa marufuku tangu Juni 2019. Ila sahani za udongo kutoka Kariakoo hadi Mbezi, zikining'inia kwenye usukani wa boda ndani ya kimfuko laini? Mimi niliagiza sita, nikapata nzima nne.

Kabla hujaagiza, mwambie muuzaji azifunge moja moja kwa gazeti, azisimamishe kwenye boksi kuukuu, asizilaze. Zikilala, ya chini inabeba uzito wote kila tuta. Boda akifika, fungua mbele yake huku unarekodi, ndiyo ulipe. Atakwambia ana haraka. Asubiri.