Ramani ya eneo la utafiti: vinyungu, mita 60 na kosa la mita 300

Wiki mbili zilizopita nilimsaidia mdogo wangu mmoja anayesoma shahada ya uzamili. Anaandika kuhusu vinyungu, yaani vishamba vya mabondeni vinavyolimwa kiangazi, vya Mufindi: vingapi vimo ndani ya zile mita 60 kutoka kingo za mto, zinazokatazwa na kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004? Andiko lilikuwa zuri. Ramani ndiyo iliyotutoa jasho.

1. Chagua bonde, usichague kata. Msimamizi atakusukumia mipaka ya kata kwa sababu takwimu za sensa zimepangwa hivyo. Mkatalie kwa adabu. Maji ya kinyungu yanatoka mlimani, na kule juu mara nyingi ni kata nyingine, iliyojaa paini.

2. Pakua QGIS, programu ya kuchora ramani. Ni ya bure. Programu za leseni ya wizi msiniulize.

3. Funga ramani ya zamani kwenye kodineti, ili kila alama ikae mahali pake halisi. Hapa tulipoteza siku nzima. Ramani zetu za zamani za 1:50,000 zimechorwa kwa Arc 1960, mfumo wa zamani wa kupimia mahali. GPS ya simu inatumia mfumo mwingine, WGS 84. Ukishaiskani ramani, chagua EPSG:21036, namba ya Arc 1960 kwa kanda ya 36 Kusini. Sisi tulichagua 32736, ya WGS 84, na QGIS haikulalamika hata kidogo. Tofauti yake ni takriban mita 300, nyingi zikielekea kaskazini–kusini. Sasa unatafuta mita 60 kwa ramani iliyokosea mita 300! Tulimwonyesha mzee mmoja kinyungu chake kwenye laptop, akacheka: "Wanangu, hapo mmenipandisha kwenye mapaini." QGIS ikikuuliza njia ya kubadilisha, chukua inayoitaja Tanzania. Kisha weka picha ya setilaiti chini yake: mto ukipita juu ya mapaa ya nyumba, rudi mwanzo. Tahadhari nyingine: Mbeya, Njombe, Mafinga na Iringa mjini ziko kanda ya 36 Kusini, lakini ukishuka hadi Ruaha Mbuyuni umeshaingia 37.

4. Chora bafa, yaani ukanda wa mita 60 kando ya mto. Dakika mbili. Ila mstari wa mto kwenye ramani unapita katikati ya maji, na sheria inahesabu kuanzia ukingoni. Chora kingo zote mbili kwanza.

5. Nenda shambani. Barua ya chuo, mkoa, halmashauri, mtendaji wa kijiji, kwa mpangilio huo. Nenda Agosti au Septemba, vinyungu vikiwa na mahindi na maharage. Kifuku utapima matope. Zunguka kila kinyungu na mwenyewe, si na mwenyekiti. Chini ya mikaratusi GPS inayumba, kwa hiyo simama hadi itulie. Na jitambulishe mapema kuwa ni mwanafunzi, hujatumwa na watu wa bonde, yaani bodi ya maji ya bonde. Yule mzee alituuliza hilo mara tatu kabla ya kutuonyesha kinyungu chake cha pili.