Laptopu ina virusi na inachemka? Usikimbilie kupiga windo

Wakuu, mashine ikianza kuwa nzito na feni inavuma muda wote wengi hapa Dar wanaibeba moja kwa moja mpaka Kariakoo, "fundi nipigie windo", yaani aifute na kuweka Windows upya, inapigwa kweli, na kama hukuhamisha mafaili yako basi ndo yameenda. Na mara nyingi wala haikuhitajika.

Anza kwa kukata intaneti, Wi-Fi na hotspoti ya simu zima. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc ifunguke Task Manager uone nini kinakula prosesa, yaani ubongo wa kompyuta. Kuna virusi vinavyochimba sarafu za kidijitali kwa mgongo wako, hivi ndo vinachemsha kuliko vyote maana vinaikamua prosesa hata ukiwa hujafungua kitu, na vingine vijanja, ukifungua tu Task Manager vinajisimamisha. Kwa hiyo tega sikio, ukiifungua feni inatulia, ukiifunga baada ya muda inaanza tena kuvuma, hapo shtuka.

Kabla ya kuskani hamisha vitu vyako, picha na dokumenti tu, faili za .exe (za programu) ziache huko huko. Na kama una diski ya zamani ile ya kuzunguka halafu unaisikia inagonga gonga, tafadhali usiskani kwanza!! Skani kamili inapita kila kona ya diski, iliyochoka inaweza kukufia pale pale. Icheki na CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski, ikiandika Caution au Bad, okoa data, badili diski, mengine baadae.

Diski ikiwa nzima, washa intaneti kidogo Windows Security ijisasishe, kisha ingia Virus & threat protection, Scan options, chagua Microsoft Defender Offline. Mashine itajiwasha upya na kuskani kabla Windows yenyewe haijaamka, kama dakika 15 hivi, ndo maana inakamata hata vinavyojificha. Chaja iwe imechomekwa na betri imejaa, umeme usije ukakuacha katikati. Ikimaliza piga Full scan, ukitaka uhakika zaidi ongeza programu ya kusaka virusi ya Malwarebytes, ile ya bure. Antivirusi mbili zinazolinda kwa wakati mmoja hapana, zinagombana.

Flashi sasa. Umeenda steshenari kuprinti, umerudi mafolda yote yamegeuka shotikati, vile vialama vyenye mshale. Usizibonyeze, hizo ndo zinakiingiza kirusi kwenye mashine. Mafaili yako kwa kawaida hayajafutika, yamefichwa tu. Ukishasafisha mashine fungua Command Prompt andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* (E ni herufi ya flashi yako), yatatokea, yahamishe, halafu fomati flashi. Siku nyingine mtumie wa steshenari PDF kwa WhatsApp.

Chanzo kingine kikubwa cha virusi ni kraki (programu za kulipia zilizovunjwa kufuli) na zile aktiveta za bure za kufungua Windows na Office bila kulipa. Programu inayokwambia zima kwanza antivirusi ndo uniweke, jamani achana nayo, unamfungulia mlango mtu usiyemjua.

Fundi akikwambia "virusi vimeua mazabodi", ile bodi kuu ya kompyuta, muulize kivipi. Iliwahi kutokea kweli, kirusi cha CIH cha 1998 kilifuta BIOS (programu ya kwenye mazabodi inayoiwasha mashine) za kompyuta nyingi tarehe 26 Aprili 1999, lakini siku hizi ni nadra sana. Kinachoua mashine zetu ni joto. Kirusi kinaikimbiza prosesa, humo ndani feni imeziba vumbi, laptopu iko juu ya godoro, na hilo joto letu la Januari, itapona vipi? Kwa hiyo ukishaisafisha virusi isafishe na vumbi: zima, chomoa chaja, fungua, chomoa betri, puliza kwa blowa ndogo huku umeshika panga la feni lisizunguke, likizunguka kwa kasi linaweza kuharibika. Kompresa ya gereji usitumie, inatoa na maji. Kama ina miaka kadhaa badilisha na ile pesti ya prosesa inayopitisha joto, na usiguse kusasisha BIOS siku umeme unacheza cheza, ukikatika katikati mashine inaweza isiwake tena.

Paswedi badilishia kwenye simu wakati mashine bado hujamaliza kuisafisha. Anza na ya barua pepe maana ndo inayofungua zingine zote, kisha za benki, na uthibitisho wa hatua mbili uwashe kila sehemu inayouruhusu.