Mahindi Kutoka Shambani Hadi Chumbani: Mjue Mdudu Kabla ya Kununua Dawa

Ukiingia agroveti (duka la pembejeo na dawa za kilimo) ya Luanda, Bumala au Njoro, hapa Kenya, na kusema "nipe dawa ya wadudu", hutakosa kupewa chupa. Lakini muuzaji hajaliona shamba lako, wala hujamweleza jani limeliwa vipi. Hapo ndipo pesa nyingi za mkulima hupotelea. Dawa iliyotengenezewa kiwavi wa shambani haikukusudiwa fukusi wa guniani, sembuse kunguni wa godoroni.

Mahindi yakifika magotini, wadudu wawili huchanganywa sana: bungua, mwenyeji wetu wa miaka mingi, na kiwavijeshi vamizi, ambaye aliripotiwa Kenya mara ya kwanza mwaka 2017, na ni huku huku magharibi alikoanzia. Kiwavijeshi hukaa katika moyo wa mmea, pale majani mapya yanapochomoza. Huacha matundu makubwa yaliyochanika na kinyesi kingi kama vumbi la mbao lililolowa. Mtoe umtazame: kichwani ana mistari myeupe inayokutana kama herufi Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia ana madoa manne meusi yaliyopangika mraba. Bungua huanza kwa vitundu vidogo vilivyojipanga kwa mstari kwenye jani, kisha huingia ndani ya shina. Jani la katikati likikauka na kung'oka ukilivuta kidogo, pasua shina hilo. Utaona njia aliyoichimba, na mara nyingi mwenyewe yumo.

Tofauti hii si ya kitabuni. Bungua akishaingia shinani, pampu yako inanyunyizia hewa. Hata kiwavijeshi akinenepa na kujiziba kwa kinyesi chake, dawa haimfikii vizuri. Kwa hiyo anza kukagua mapema, wiki ya pili baada ya mahindi kuota, na urudi kila wiki. Tembea kwa kuzigizaga, simama sehemu tano, kila sehemu uangalie mimea kumi. Mahindi machanga yakiwa na dalili mpya kwenye mimea miwili kati ya kumi, chukua hatua. Elekeza dawa kwenye moyo wa mmea, alfajiri au jioni kiwavi anapopanda kula, wala si saa saba mchana. Msimu wote usitumie kundi moja la dawa, maana wanazoea. Mwenye kipande kidogo nyuma ya nyumba anaweza kuponda mayai kwa vidole (hukaa kwa mafungu yaliyofunikwa manyoya) na kutia jivu au mchanga kwenye moyo wa mmea. Kwa shamba la ukubwa huo, mimi ningeanza hapo kabla ya kununua chochote.

Wenye ng'ombe wana njia bora zaidi. Vuta-sukuma ni mbinu iliyokuzwa na watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, kule Mbita, kando ya Ziwa Victoria. Desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, hupandwa kati ya mistari ya mahindi na harufu yake huwafukuza nondo wanaotaga mayai ya viwavi hawa. Nyasi za nepia au brakiaria pembeni huwavuta watage huko. Desmodiamu hiyo hiyo huzuia gugu la kayongo (striga), hurutubisha udongo, na ni lishe. Ubaya wake ni palizi ya msimu wa kwanza, kwa sababu desmodiamu huchelewa kushika. Wengi hukata tamaa hapo.

Mchwa nao hupenda mahindi yaliyoanguka chini. Vuna kwa wakati, basi.

Ghalani, mfahamu fukusi kwa mdomo wake mrefu uliochongoka. Osama, yaani dumuzi, mdudu mwingine wa ghalani, hana mdomo huo. Ni mweusi mweusi, mwili kama bomba dogo, kichwa kimejificha chini ya kifua. Anakozuru hubaki unga, na hutoboa hata mbao za ghala. Osama hustawi zaidi kwenye mahindi ya magunzi, kwa hiyo pukuchua mapema na uchague yaliyotobolewa uyaweke kando. Anika juu ya turubai mpaka unyevu ushuke chini ya asilimia 13.5. Kisha tumia magunia yasiyopitisha hewa: toa hewa, funga kila tabaka peke yake, na usifungue ovyo. Wadudu waliomo humaliza oksijeni na kufa, bila dawa yoyote. Ukiamua kutumia dawa ya unga, iwe ile iliyoandikwa kuwa inamuua osama pia, maana baadhi huua fukusi tu.

Sasa chumbani, na hapa sina mzaha. Wengi wetu huweka magunia chumba cha kulala kwa kuogopa wezi. Vidonge vya fosfini, vile vya kufukizia wadudu wa nafaka, havifai kabisa kwenye nyumba wanamolala watu: gesi yake hupenya gunia na huua familia usingizini. Vivyo hivyo, usichukue dawa ya nyanya iliyobaki ukapulizia kitanda chenye kunguni. Watoto watailalia na kuivuta usiku kucha, na kunguni wengi wameshazoea dawa za aina hiyo.

Kunguni hushindwa na joto. Tafuta madoa meusi kwenye mishono ya godoro na maungio ya kitanda. Fua shuka kwa maji moto sana, mimina maji yanayochemka kwenye maungio ya mbao, na uzibe nyufa za ukuta kwa udongo au saruji. Sogeza kitanda mbali na ukuta. Ukitaka dawa, nunua iliyosajiliwa kwa matumizi ya nyumbani, usome lebo, na chumba kipate hewa kabla ya mtu kulala. Rudia kazi yote baada ya wiki mbili, kwa sababu mayai uliyoyakosa yatakuwa yameshaanguliwa.