Vigae vya kufungamana kwenye gereji: shika futi kabla ya nyundo

Kupachika vigae vya plastiki vinavyoshikana vyenyewe kwa wenyewe ni kazi nyepesi. Hakuna gundi wala saruji, na gari linaingia siku hiyo hiyo. Makosa yangu karibu yote niliyafanya kabla ya kigae cha kwanza kugusa sakafu, kwa hiyo nitakaa zaidi kwenye vipimo.

1. Chagua aina. Vipo vya plastiki ngumu (polipropilini), vyenye vitanzi pande mbili na vijino pande mbili nyingine. Mimi naziita jike na dume. Vingine ni vya PVC laini, vyenye meno yanayoingiliana kama vipande vya fumbo la picha. Kama gari huingia likichuruzika maji, chukua vigumu vyenye matundu, maji yapite chini. PVC haipigi kelele chini ya miguu, tena ina joto, lakini matairi huweza kuiachia madoa ya kahawia yasiyotoka, maana kemikali za mpira na za plastiki hunyonyana. Ukiipenda, basi chukua rangi nyeusi au kijivu kizito, angalau pale magurudumu yanaposimama.

2. Pima, kisha hesabu kwa safu. Hapa ndipo wengi wanapopotea: wanachukua eneo la sakafu, wanagawa kwa eneo la kigae, wanaagiza. Tuseme gereji ina urefu wa mita 6 na upana wa mita 3.3, na kigae ni sentimita 40 kwa 40. Kwa eneo utapata vigae 124. Sasa hesabu kwa safu. Upana ni sentimita 330. Toa sentimita 1 kila upande kwa ajili ya nafasi ya vigae kutanuka, zinabaki 328. Vigae vinane vizima vinakula 320, na ukutani kunabaki kijipande cha sentimita 8, kibaya kwa macho na chepesi kung'oka. Afadhali uweke vizima saba katikati, halafu kila upande ukate kipande cha sentimita 24. Kigae kimoja hakitoi vipande viwili vya 24, kwa hiyo safu moja inakula vigae tisa. Kwa urefu wa sentimita 600 safu ni 15, ya mwisho ikikatwa kidogo kwa ajili ya nafasi hiyo hiyo: jumla 135. Ongeza vichache vya akiba, uagize kama 142. Yule wa 124 atakwama safu moja na ushee kabla ya kumaliza.

Ukingo wa mteremko, kile kipande cha mlangoni cha kupandishia gari juu ya vigae, nao una jike na dume. Amua kwanza utaanzia wapi, ndipo uagize.

3. Andaa sakafu. Fagia, sugua mafuta, ziba mashimo. Laza ubao mnyoofu wa mita mbili: pakionekana bonde, kigae kitakuwa kikigonga "ta, ta" kila ukipita. Fungua maboksi siku moja kabla, vigae vizoee joto la humo ndani.

4. Piga mstari wa katikati kwa uzi wa chaki, kutoka mlangoni hadi ukuta wa nyuma. Hakikisha pembe kwa kipimo cha 3-4-5: sentimita 90 upande mmoja, 120 mwingine, na mshazari uwe 150 kamili. Usiuamini ukuta, kuta nyingi zimepinda.

5. Panga. Anzia mlangoni na vigae vizima, vitanzi vikitazama kule unakoelekea, ili kila kigae kipya kishuke juu ya vitanzi vya mwenzake. Bonyeza kwa kisigino au gonga kwa nyundo ya mpira mpaka usikie kimeingia. Maliza vizima vyote kwanza.

6. Kata vya pembeni. Pima kila kipande juu na chini. Plastiki ngumu hukatwa kwa msumeno wa umeme wenye meno madogo, mwendo wa polepole, la sivyo inayeyuka na kujishika tena nyuma ya msumeno. PVC inataka kisu kikali na rula ya chuma; ikiwa ngumu, ianike juani kidogo.

Ile nafasi ya sentimita 1 usiizibe. Mara ya kwanza nilibana vigae ukuta kwa ukuta nikijisifu kwa unadhifu. Alasiri jua likapiga kupitia mlango uliokuwa wazi, safu ya mbele ikainuka kama mgongo wa ngamia. Ilinibidi ning'oe pembeni nikate upya. Skatingi, ule ubao wa chini ya ukuta, itaificha nafasi hiyo.

Ukiinua gari kwa jeki, weka kipande cha plaiwudi chini yake, na usizungushe usukani gari likiwa limesimama. Vigae vya akiba vitunze: kimoja kikiungua, ingiza bisibisi bapa kwenye kona ya upande wa dume, kiinue, pachika kingine.