Jaribu kifaa chako kwenye friza kabla hakijapanda Kilimanjaro

Nimetoka kumsaidia kijana mmoja hapa Moshi aliyeunda kifaa cha kurekodi joto, kitakachobebwa na waongoza watalii hadi Uhuru, mita 5,895. Maabara hatuna. Friza ya nyumbani hufika nyuzi 18 chini ya sifuri, na hapo udhaifu mwingi huumbuka.

Hatua ya 1: Vipuri
Soma karatasi ya kila kipuri, ile ya mtengenezaji inayotaja viwango vyake (datasheet). Kwa vihisi vya joto, DHT11 mwisho wake ni nyuzi 0, achana nayo. DS18B20 hupima hadi 55 chini ya sifuri.

Hatua ya 2: Betri
Hapa sina mjadala: chukua AA za lithiamu zisizochajiwa. Alkalini hulegea mapema kwenye baridi. Lithiamu-ayoni ya kuchaji usiichaji ikiwa chini ya sifuri, itaharibika moja kwa moja. Wenye sola mjihadhari: asubuhi mlimani jua linawaka wakati betri bado ya baridi kali, kwa hiyo chaja lazima iwe inapima joto la betri yenyewe.

Hatua ya 3: Kugandisha
Kilaze frizani usiku kucha kikiwa kimezimwa, ndani ya mfuko ulioelezwa Hatua ya 4. Kikiwa kimewashwa hujipasha moto, nawe utadhani kimefaulu. Asubuhi kiwashe kikiwa humo humo, kwa nyaya nyembamba ulizopitisha kwenye mpira wa mlango, huku multimita ikikuonyesha volteji inashuka kiasi gani kinapoamka. Data iandikwe kwenye kadi ya kumbukumbu. Waifai sahau, friza ni sanduku la bati, mawimbi yakikatika utailaumu baridi bure.

Hatua ya 4: Kukitoa
Hapa ndipo masaa yanapopotea na bodi zinapokufa. Kitu cha baridi kikikutana na hewa yetu yenye unyevu, maji hutanda juu yake papo hapo. Ukikiwasha hivyo, umeme unapita pasipotakiwa, na kutu huanza kula miguu ya vipuri.

Kwa hiyo kabla ya kukigandisha kitie kwenye mfuko wa plastiki, kamua hewa, weka na silika jeli, zile punje za kunyonya unyevu. Ile ya kwenye boksi la viatu kwa kawaida imeshashiba unyevu. Mwaga punje kwenye sinia ya bati uzikaushe kwenye oveni ya moto mdogo. Ziba kwa silikoni tundu la nyaya, maana hewa ya ndani ikipoa hunywea, na sanduku la kifaa huvuta ya nje kupitia upenyo wowote.

Ukishakitoa, usifungue mfuko. Maji yatajaa nje yake, yaache. Subiri hadi kifaa chenyewe kifikie joto la chumba, si mfuko tu, na betri kubwa hukawia kuliko unavyodhani. Draya ya nywele marufuku: hupasha ganda, katikati kukabaki baridi. Ukiona ukungu ndani ya kioo, usiwashe. Fungua, kausha, ziba upya.

Hatua ya 5: Rudia
Mara moja haitoshi, viungo vya risasi ya kulehemu hulegea kwa kupanuka na kusinyaa. Kioo cha LCD kikiwa kizito kwenye baridi na kikachangamka kikipata joto, huo si ubovu. Anayedaiwa cheti atafute maabara inayofuata IEC 60068-2-1, kiwango cha kimataifa cha kupima vifaa kwenye baridi.